Kazi Imeisha, Mzee Ameaga, Shamba Limeuzwa: Ushuru Wako Unabadilikaje?

Kila mwaka ikifika wiki ya mwisho ya Juni, saiba za Ukunda hujaa. Foleni inatoka mlangoni, na wengi walio kwenye foleni wanataka kitu kimoja tu: "Nijazie nil nimalize." Kijana wa saiba anachukua PIN yako, anabofya mara kadhaa, anakupa karatasi, unamlipa, unaondoka. Dakika tano.

Kwa mtu ambaye kweli hakupata hata senti mwaka mzima, hakuna ubaya hapo. Lakini ukiwasikiliza watu kwenye ile foleni utagundua kwamba wengi wao maisha yamebadilika ndani ya mwaka. Huyu hoteli ilimsimamisha msimu ulipoisha. Yule amefiwa na mume. Mwingine ameuza kipande cha shamba kule Kinondo. Kila badiliko la namna hiyo lina upande wake wa ushuru. Mara nyingine ni deni. Mara nyingine, na hii ndio watu hawaijui, ni pesa zako mwenyewe ambazo serikali inazishikilia, na ile nil ya dakika tano inazizika.

Sisi si maofisa wa ushuru. Kazi yetu ni kusafirisha pesa zako. Ila kwa sababu pesa hizo hupita kwenye simu, maswali ya ushuru huishia kwetu na kwa mawakala wetu, kwa hivyo tumeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara. Viwango tunavyotumia ni vile vya mapato ya mwaka 2025. Na tukisema "ushuru" tunamaanisha pesa za KRA. Tukisema "kodi" ni ile unayolipwa na mpangaji. Pwani maneno haya mawili huchanganyika sana, na mchanganyiko huo umewahi kumtia mtu hasara.

Una PIN mbili, usizichanganye

PIN ya simu ni nambari yako ya siri. Haijui mtu mwingine: si wakala, si mume, si sisi. PIN ya KRA ni kitu kingine kabisa. Ina herufi na tarakimu 11, kwa mtu binafsi huanza na A na kuishia na herufi, na hiyo utaombwa na mwajiri, benki, wakili wa shamba, hata ukinunua gari. Kuitoa si siri. Siri ni nywila ya akaunti yako ya iTax. Ukimwachia kijana wa saiba nywila hiyo, umemwachia nyumba na ufunguo.

Mwenye PIN ya KRA anatakiwa kuwasilisha ritani yake kabla ya tarehe 30 Juni, kwa mapato ya Januari hadi Disemba ya mwaka uliotangulia. Ukichelewa, faini kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 ama asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Elfu mbili ya mwaka mmoja yaweza kuvumilika. Shida ni mtu aliyechukua PIN ya mkopo wa elimu akiwa chuoni, akarudi Msambweni, akasahau kwa miaka sita. Siku anapata kazi na kuombwa cheti cha kutokuwa na deni la ushuru, ndio anakuta shilingi 12,000 zinamsubiri kabla ya riba yoyote.

Kazi ikiisha katikati ya mwaka

Hili ndilo tutakaa nalo, kwa sababu huku kwetu kazi huisha kwa msimu. Pasaka ikipita na masika yakianza, hoteli nyingi za Diani hupunguza wafanyakazi mpaka Julai. Na si hoteli peke yake. Mgodi wa Base Titanium ulisimamisha uchimbaji Disemba 2024, baada ya zaidi ya miaka kumi ya kusafirisha madini kupitia Likoni, na nyumba nyingi za Msambweni, Maumba na Ukunda zikakosa mshahara uliokuwa ukiingia kila mwezi bila kukosa.

Sasa, PAYE hukatwa kana kwamba utafanya kazi mwaka mzima. Mwajiri wako Januari hajui kwamba Juni utakuwa nyumbani. Anakata kwa viwango vya mwezi: asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, asilimia 30 kwa zinazozidi hapo mpaka laki tano. Halafu anakupunguzia 2,400 za punguzo la kibinafsi. Lakini ushuru wenyewe kisheria ni wa mwaka. Ukipiga hesabu ya mwaka mzima, viwango hivyo huwa ni asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza, na punguzo lako ni 28,800.

Tuseme wewe ni mhudumu wa hoteli, mshahara wako shilingi 40,000, na ulifanya kazi Januari mpaka mwisho wa Juni. Kila mwezi NSSF ilichukua 2,400, SHIF ikachukua 1,100, na ile tozo ya nyumba 600. Tangu mwisho wa Disemba 2024 makato hayo matatu huondolewa kwanza kabla ya kuhesabu ushuru, kwa hivyo unaotozwa ushuru ni 35,900. Hapo PAYE yako ni kama shilingi 3,153 kwa mwezi. Miezi sita ni 18,920 hivi.

Hesabu ya mwaka sasa. Mapato yako yanayotozwa ushuru ni 35,900 mara sita, yaani 215,400. Hayajafika 288,000, kwa hivyo yote ni asilimia 10: shilingi 21,540. Ondoa punguzo la 28,800. Huna deni hata la senti. Lakini ulishakatwa 18,920. Pesa hizo zote ni zako.

Kama kuanzia Julai ulipata kibarua kingine ama ulifungua biashara, mapato hayo nayo yanaingia kwenye hesabu na kiasi cha kurudishiwa kinapungua. Lakini kama ulikaa nyumbani, ama ulivua samaki wa kula tu, unastahili kurudishiwa karibu elfu kumi na tisa, na KRA hawatakupigia simu kukwambia. Ukijaza nil, umetangaza mwenyewe kwamba mwaka huo hukupata kitu na hukukatwa kitu. Umeliua dai lako kwa mkono wako, na juu ya hayo umeandika uongo kwenye ritani.

Unachohitaji ni fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri wako wa zamani. Ni karatasi moja inayoonyesha mshahara wako na makato yako mwezi kwa mwezi. Idai siku ile ile unapoondoka, pamoja na PIN ya mwajiri. Usingoje mwakani, kwa sababu afisa wa mishahara anaweza kuwa ameachishwa pia, na hoteli ikafungwa kwa ukarabati, ukabaki kumtafuta mtu ambaye simu yake haipatikani.

Ukishajaza ritani na mfumo ukaonyesha kwamba umelipa zaidi, bado hujamaliza. Ombi la kurudishiwa ni hatua ya pili ndani ya iTax, nalo linataka nambari ya akaunti ya benki yenye jina lako na ile P9. Sheria inakupa miaka 5 tangu ulipe, kwa hivyo hata kazi iliyoisha 2023 bado inafaa kuangaliwa. Pesa haziji upesi. Usizikopee.

Kuna balaa moja la kuchungulia hapo. Mwajiri anaweza kukukata PAYE na asiifikishe KRA. P9 yako itasema umekatwa, lakini kwenye iTax hakuna kitu. Ndio maana tunasema weka hati za malipo za kila mwezi, hata kwa kuzipiga picha. Bila hizo ni neno lako dhidi ya la mtu ambaye labda ameshahama Kwale.

Kuna kinyume chake pia. Wengine msimu wa Disemba hushika kazi mbili kwa pamoja, mchana hoteli hii, usiku ulinzi pale. Kila mwajiri hukupa punguzo la 2,400 kivyake, ilhali sheria inakupa moja tu. Mwisho wa mwaka ukiunganisha P9 mbili utajikuta unadaiwa. Si kosa la mtu, ni hesabu tu, lakini jua mapema uweke akiba.

Kuhusu malipo ya kuachishwa: ukiondolewa kwa sababu nafasi imefutwa, Sheria ya Ajira inataka upewe notisi ya angalau mwezi mmoja na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Malipo hayo ni mapato ya ajira na hukatwa ushuru. Namna yanavyogawanywa kwenye miaka hutegemea mkataba wako, kwa hivyo omba mwajiri akupe mchanganuo wa maandishi: notisi kiasi gani, likizo kiasi gani, malipo ya kuachishwa kiasi gani, ushuru kiasi gani. Hundi moja yenye jumla tu haikusaidii kitu siku ya ritani.

Na akiba ya uzeeni? Tangu 27 Disemba 2024, ukilipwa mafao kutoka mfuko uliosajiliwa baada ya kufika umri wa kustaafu uliowekwa na mfuko huo, ama ukiacha mapema kwa ugonjwa, ama ukiwa umekuwa mwanachama kwa miaka 20, hayatozwi ushuru. Mwenye miaka 38 anayetaka kuzitoa leo kwa sababu kazi imeisha hayumo katika hao, na atakatwa. Tumeona watu wakizitoa kwa pupa wanunue tuktuk. Labda tuktuk inalipa, hatukatai, lakini uliza kwanza utakatwa kiasi gani, halafu amua.

Mshahara umekuwa duka, ama vyumba vya kupangisha

Baada ya kazi kuisha, watu wa huku hufanya mojawapo ya mawili: hufungua duka ama hujenga vyumba. Ushuru wake haufanani.

Duka, kinyozi, bodaboda, uuzaji wa samaki: kama mauzo yako kwa mwaka hayafiki shilingi milioni moja, unajaza ritani ya kawaida mara moja kwa mwaka, unaondoa gharama zako, unalipa kwenye faida. Faida ikiwa chini ya 288,000 kwa mwaka, ushuru unaliwa wote na punguzo lako na hulipi kitu. Lakini ritani ujaze, na si nil, kwa sababu biashara unayo.

Mauzo yakizidi milioni moja mpaka milioni 25, unaingia kwenye ushuru wa mauzo, asilimia 3, unaolipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Watu husikia "milioni" wakadhani ni biashara ya matajiri. Duka la kuuza unga, sukari na mafuta linalopata mauzo ya shilingi 3,000 kwa siku, kila siku, limefika 1,095,000 kwa mwaka. Na ushuru huu hauangalii faida. Kwa mauzo ya 90,000 kwa mwezi ni shilingi 2,700, hata kama faida yako ilikuwa 6,000. Kama faida yako ni nyembamba hivyo, unaruhusiwa kumwandikia Kamishna kwamba unataka kubaki kwenye ushuru wa kawaida wa mapato. Wachache sana wanajua.

Hapa ndipo swali maarufu huja: "Je, KRA wakiona pesa zinazoingia kwa simu yangu watanitoza zote?" Hapana. Pesa anazokutumia mwanao aliye Qatar si mauzo. Mchango wa matanga si mauzo. Karo uliyorudishiwa na shemeji si mauzo. Tatizo ni kwamba, kama vyote vimepita kwenye laini moja, ni wewe utakayetakiwa kueleza kipi ni kipi, na mwaka ukishapita hutakumbuka. Chukua nambari ya Till ya biashara, wateja walipe huko, laini yako ibaki ya familia. Ukihitaji orodha ya miamala yako ya mwaka, iombe kwetu. Ni haki yako.

Na kwa sababu watu hutulaumu: ule ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwenye kutuma pesa hutozwa juu ya ada ya muamala, si juu ya kiasi ulichotuma. Ukimtumia mama elfu kumi, hakuna anayekata 1,500 hapo.

Vyumba navyo. Ukipangisha nyumba za kuishi na kodi yote kwa mwaka ikafika 288,000 mpaka milioni 15, unalipa asilimia 7.5 ya kodi uliyopokea, kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Huruhusiwi kuondoa gharama: si rangi, si fundi, si riba ya mkopo. Vyumba sita vya shilingi 4,500 kule Ukunda ni 27,000 kwa mwezi, kwa mwaka 324,000, kwa hivyo ushuru ni 2,025 kwa mwezi. Vyumba vinne ni 216,000 kwa mwaka, hapo mfumo huu wa kila mwezi haukuhusu. Kodi hiyo unaiingiza kwenye ritani ya mwaka na gharama unaziondoa. Mpangaji akikosa kulipa, mwezi huo hujapokea, hulipii.

Ukifunga duka ama ukiuza nyumba, uwaambie KRA waliondoe jukumu hilo kwenye PIN yako. Usipofanya hivyo, mfumo utaendelea kungoja ritani ya kila mwezi kutoka kwa duka ambalo sasa ni gofu, na faini zitaota kama magugu.

Ndoa, watoto, talaka

Hapa tutapita haraka. Ukioa ama ukiolewa, kila mmoja ana PIN yake na ritani yake. Mume hajazi kwa niaba ya mke na punguzo la mmoja halihamishiwi kwa mwingine. Mama wa nyumbani asiye na mapato lakini aliye na PIN anajaza nil yake, hiyo ni nil ya haki. Ukibadilisha jina, badilisha kitambulisho kwanza, halafu PIN, halafu usajili wa laini ya simu. Majina matatu tofauti kwenye mifumo mitatu huzaa matatizo siku ya kudai pesa.

Mtoto akizaliwa hakuna punguzo la ushuru la watoto nchini Kenya. Kinachopatikana ni punguzo la bima: asilimia 15 ya unacholipia bima ya maisha ama ya elimu, isiyozidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Bima ya elimu iwe ya angalau miaka 10.

Ndoa ikivunjika, mali inayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kama sehemu ya makubaliano ya talaka haitozwi ushuru wa faida ya mtaji. Neno la kushika ni "makubaliano". Yawe yameandikwa. Kupeana shamba kwa mdomo mbele ya wazee ni heshima kubwa, lakini msajili wa ardhi hasomi midomo.

Ulemavu nao hubadilisha ushuru, na huku kwenye ajali nyingi za bodaboda hatuwezi kuuruka. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza kupata msamaha wa ushuru kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake kila mwezi. Msamaha hauji wenyewe. Huanza na tathmini ya daktari hospitalini, kisha usajili wa Baraza, kisha ombi kwa KRA. Mpaka cheti kitoke, mwajiri ataendelea kukata.

Mwenye nyumba akiaga dunia

Swali la kwanza ambalo wajane hutuuliza si la ushuru. Ni hili: "Simu yake ninayo na nambari ya siri naijua. Nitoe pesa?" Mama, tunajua matanga yana gharama na watu wanangoja chakula. Lakini usitoe. Pesa zilizo kwenye simu ya marehemu ni sehemu ya mirathi kama lilivyo shamba na ng'ombe, na zina warithi. Ukizitoa, ndugu wa mume wanaweza kukudai mbele ya Kadhi ama hakimu, na rekodi ya saa na mahali ulipotolea ipo. Njoo na cheti cha kifo na kitambulisho chako, tukuonyeshe hatua za kuzidai. Katika kusubiri, laini usiitupe. Ujumbe wa madeni na malipo utaendelea kuingia humo, nao utawafaa wasimamizi wa mirathi.

Sasa ushuru. Habari njema ni kwamba Kenya haina ushuru wa urithi. Kurithi nyumba, shamba ama pesa hakukutozi kitu kwa sababu tu umerithi. Mali inapotoka kwa msimamizi wa mirathi kwenda kwa mrithi, sheria haihesabu kwamba imeuzwa, kwa hivyo hakuna ushuru wa faida ya mtaji.

Habari ya pili ni kwamba marehemu mwenyewe bado ana ritani moja. Kama aliaga Agosti, mapato yake ya Januari mpaka Agosti yanatakiwa kuelezwa, na anayefanya hivyo ni msimamizi wa mirathi. Ikiwa kuna deni, linalipwa kutoka kwenye mali ya marehemu kabla ya kugawanywa, si kutoka mfukoni mwa mjane. Na kumbuka ile hesabu ya mhudumu wa hoteli: aliyefariki katikati ya mwaka akiwa kazini huenda alikatwa PAYE zaidi, na pesa hizo ni za warithi. Hili husahaulika karibu kila mara, kwa sababu hakuna anayefikiria P9 akiwa msibani. Mwombeni mwajiri P9 pamoja na zile barua nyingine za mafao.

Ritani ya mwisho ikishakamilika, mpeleke KRA cheti cha kifo wafunge PIN. Kama alikuwa na vyumba vya kupangisha, wapangaji hawaachi kulipa kwa sababu mwenye nyumba amezikwa. Kodi inayoingia baada ya kifo ni mapato ya mirathi, na wasimamizi ndio watakaoulizwa habari zake. Iingie mahali pamoja palipokubaliwa na wote. Ikiingia kwenye simu ya kaka mkubwa "kwa muda tu", baada ya miaka miwili KRA wanamwona yeye kuwa mwenye kodi, na ndugu zake wanamwona mwizi.

Kwa familia za Kiislamu, mirathi huenda kwa sheria ya Kiislamu, na nyingi hupitia mahakama ya Kadhi. Huku kwetu kuna jambo lingine la zamani. Wadigo walikuwa wakirithisha kwa upande wa mama, mali ikienda kwa mpwa, mtoto wa dada. Uislamu ulileta mgao mwingine, lakini ile desturi haijafa kabisa; bado mzee anaweza kutamani kumwachia mpwa wake minazi fulani. KRA hawaingilii nani arithi. Wanachoangalia ni karatasi. Mpwa si mrithi wa moja kwa moja katika mgao wa Kiislamu, lakini anaweza kupewa kwa wasia usiozidi theluthi moja ya mali. Jina lake likiwa kwenye wasia na kwenye hati ya usimamizi wa mirathi, atapokea kama mnufaika na msamaha unamfunika. Asipokuwamo, na familia ikamwachia kwa kumwandikia hati ya kuuziana ya uongo, basi kwa macho ya sheria wameuza, na mlango wa ushuru umefunguka.

Shamba likiuzwa

Mrithi akishapata shamba lake na akamuuzia mtu wa nje, hapo ushuru wa faida ya mtaji unaingia. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, kutoka asilimia 5 ya awali, na anayelipa ni muuzaji. Mnunuzi yeye hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani. Dalali akikwambia vinginevyo, mwombe aandike.

Lakini mauzo mengi ya Kwale hayatozwi chochote, na watu hawajui. Mtu binafsi akiuza ardhi kwa bei isiyozidi shilingi milioni 3, amesamehewa. Shamba la kilimo lililo chini ya ekari 50 na liko nje ya manispaa ama mji uliotangazwa rasmi, limesamehewa. Nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza, imesamehewa. Mwenye ekari mbili Lungalunga pengine hana la kuogopa. Mwenye ploti karibu na ufuo wa Diani ana hesabu ya kufanya, na afanye kabla ya kukubali bei, si baada ya kuzigawa pesa.

Jinsi ya kulipa kwa simu bila kuibiwa

Malipo yoyote ya KRA huanza kwenye iTax, ambako unatengeneza hati ya malipo yenye nambari yake, inayoitwa PRN. Kisha kwenye simu unaingia Paybill 222222, na mahali pa nambari ya akaunti unaweka ile PRN, si PIN yako wala kitambulisho chako. Ukikosea hapo pesa hazifiki kwenye deni lako, na kuzifuatilia ni safari ya siku kadhaa. Weka ujumbe wa uthibitisho mpaka iTax ionyeshe kwamba malipo yameingia. Kama mambo ya mtandao yanakushinda, dawati la KRA katika Huduma Centre mjini Kwale litakusaidia bila malipo, kabla hujafikiria kuvuka feri kwenda Mombasa.

Mwezi wa Juni matapeli nao hufanya kazi. Watakupigia wakisema una faini, "lipa sasa hivi kwa nambari hii tukufutie." Faini halisi huonekana ndani ya akaunti yako ya iTax na hulipwa kwa PRN. Hakuna ofisa wa ushuru anayepokea pesa kwa laini yake binafsi. Ukipata simu kama hiyo, kata, kisha tupigie tuifungie nambari hiyo kabla haijampata jirani yako.